Gari Jeupe la Kizota

Haubi, Kondoa
4 Februari 2024

Mwanangu Mudrick,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuwashinda hao watabiri wenu wa redioni. Mahindi yamefika kifuani, mbaazi zinapendeza, na yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha. Baba Joha anakusalimu. Hajaniambia nikusalimie, lakini angeniambia kama angejua nakuandikia.

Utacheka kuona barua. Haya, cheka. Simu ya humu ndani ni moja, na baba Joha akipigiwa huweka sauti kubwa hata kama ni habari ya msiba, mpaka majirani wanaitikia pole. Kwa hiyo haya ninayotaka tuyaseme wawili nampa Msafiri, kondakta wa basi, akukabidhi mkononi. Nawe unijibu kwa njia hiyo hiyo.

Basi sikiliza. Kila Jumanne saa mbili asubuhi nawasha redio kabla jua halijapanda, maana likipanda mawimbi yenu hayashiki tena huku juu, na nasikiliza hicho kipindi chako cha Chaki ya Uwanjani. Nasikiliza kwa sababu moja tu, mabao ya binti yangu. Nyuma ya mlango wa stoo nina mistari tisa ya mkaa, kila bao la Joha mstari wake. Baba yake hajui, na usimwambie.

Lakini tangu mwaka huu uanze mkaa wangu umelala. Kipindi saa nzima! Kocha fulani kafumaniwa. Beki fulani mkewe kamtolea makochi nje. Mwenyekiti kaenda kwa mganga na kuku mweusi. Yote hayo nayajua, hata rangi ya kuku naijua, ila Uwanda Queens walicheza na nani Jumamosi, walifungana ngapi, nani kafunga, hamsemi. Hivi mpira wenyewe mmeupeleka wapi?

Na Jumanne iliyopita mlisema kuna mchezaji wa Queens, jina hamkutaja, anayeshushwa na gari jeupe kule Kizota, Dodoma, kila magharibi ikiingia. Mlicheka sana. Sauti yako niliisikia ikicheka kuzidi za wenzio. "Mwenzetu ana bahati, sisi tunagombania bajaji," ulisema. Baba Joha alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Akasimama, akaniuliza, "Nani huyo?" Nikamwambia sijui.

Unakumbuka tulivyoachana mwaka jana. Baba Joha alimpa binti mwaka mmoja wa mpira kwa masharti yake: akae nyumbani kwako chini ya macho ya mkeo Salma, asipande bodaboda hata siku moja, na siku jina lake likisemwa vibaya arudi hapa aolewe na mtoto wa Mzee Abbasi wa dukani. Wewe ndiye uliyekaa pale mkekani ukasema, "Nipeni mimi, nitamlinda." Kwa hiyo nauliza kabla sijaulizwa tena. Huyo wa gari jeupe ni nani?

Shangazi yako,
Mwamvua


Dodoma
21 Februari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na kweli nimecheka, halafu nikaacha. Sisi huku hatujambo. Salma anakusalimu. Mtoto ameota meno mawili na anang'ata kila anayembeba, hata daktari kamng'ata. Nimempa Msafiri kilo mbili za sukari, dawa ya kuchua goti, na zabibu kidogo maana zimeanza kuiva. Zikipungua njiani mimi simo.

Kuhusu kipindi umenigusa pabaya. Usidhani napenda. Desemba nilimleta kocha studio, tukachambua mchezo mpaka jasho likatutoka, namna timu inavyopanda, namna inavyorudi. Simu zilizopigwa zilikuwa tatu, na mmoja alikosea namba. Wiki iliyofuata tukasema habari ya mwenyekiti na mganga, simu zikaita mpaka saa sita mchana. Bosi wetu Ludovick akagonga meza. "Mmeona? Watu hawataki mabao, wanataka mambo." Tangu siku hiyo kila Jumanne anatuwekea karatasi mezani, nasi tunasoma. Mimi ni mtangazaji tu, Shangazi, redio si yangu. Na mkataba wa kudumu wameniahidi mwezi wa sita, nikiwa mtulivu.

Hiyo ya gari usiitilie maanani. Maneno ya redio yanasemwa asubuhi, mchana watu wameshayasahau. Joha hajambo, anafanya mazoezi, anakula vizuri. Jumamosi Queens walishinda tatu kwa moja. Ningeandika zaidi ila naingia hewani sasa hivi.

Mwanao,
Mudrick


Haubi
6 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Sukari imefika. Zabibu Msafiri kala nusu na kakiri mwenyewe kabla sijamuuliza. Dawa ya kuchua inawasha mpaka machozi, lakini goti linakunja. Mvua imetuchoshea barabara ila shamba limeshiba.

Nilikuuliza nani, ukanitumia sukari. Halafu unaniandikia "tatu kwa moja" unanyamaza. Mtu wa mpira, mtangazaji mzima, anataja matokeo asiseme nani kafunga? Tangu lini?

Sasa nisikilize vizuri, Mudrick. Jana mmeongeza. Mmesema huyo binti anatoka "kule milimani Kondoa". Mmesema msikilizaji katuma picha na kila mwenye simu anayo. Wasichana wa timu hiyo wako zaidi ya ishirini. Wa kutoka Kondoa ni wangapi? Ni mmoja, wa kwangu.

Leo asubuhi baba Joha alikwenda gulioni kununua sufuria akarudi mikono mitupu. Kinyozi alimwonyesha ile picha. Sura haionekani, ni mgongo tu, na mlango wa gari, na begi. Lile begi lenye kiraka cha kijani nilichokishona mimi kwa kipande cha kanga yangu. Baba yake anakijua kile kiraka, alinishikia taa nikikishona.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kumshikia. Alikaa, akaitoa redio betri, akazitia mfukoni mwa koti, akasema, "Idi ikipita nakwenda kumchukua." Mzee Abbasi ameshaambiwa avute subira.

Joha hajanipigia Ijumaa ya tatu sasa. Nikaazima simu kwa jirani nikampigia. Nikamuuliza, "Gari la nani?" Nikamsikia anavuta kamasi. Kisha akaniambia, "Mama, muulize kaka Mudrick." Haya, kaka Mudrick, nakuuliza kwa mara ya pili. Gari la nani?

Mwamvua


Dodoma
24 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Nimechelewa kukujibu. Siku nne basi halikufika huku kwa ajili ya mvua. Hizo siku nyingine zilizobaki ni zangu mimi, sina wa kumsingizia.

Salma na mtoto wazima. Joha ana afya, lakini mambo yake hayako sawa na sitakuficha hilo. Meneja wa timu, Bi Sherbanu, amemsimamisha tangu tarehe saba mpaka amtaje mwenye gari. Joha hamtaji. Kila siku anakwenda uwanjani, anakaa nje ya mstari na viatu vyake ndani ya begi, wenzake wakimaliza anarudi. Sasa anarudi kwa miguu, na mimi namsubiri njia panda tunatembea wote. Tarehe kumi na saba Aprili kuna mechi ya mwisho ya msimu, na watu wa timu ya taifa ya vijana wanakuja kuangalia. Jina lake lilikuwa kwenye orodha yao.

Nilimwomba Ludovick tuiache hii habari. Alinicheka. "Habari ya mwaka hii, uiache?" Sasa ametangaza jezi na mpira kwa msikilizaji atakayeleta namba za hilo gari.

Shangazi, naapa mchana huu nikiwa nimefunga, anayeendesha lile gari hana nia mbaya na Joha hata chembe. Zaidi ya hapo siwezi kuandika. Kuna mtu ana mkataba wake hapa katikati, ana mke, ana mtoto. Mwombe baba Joha asubiri mpaka mwezi wa sita tu. Ukisema wewe atasikia.

Futari yenu iwe ya heri.

Mudrick


Haubi
12 Aprili 2024

Mudrick,

Idi imekwenda. Leo sina salamu.

"Kuna mtu ana mkataba wake." Hayo maneno nimeyasoma mara nne. Jana Msafiri alipopita nilimkalisha, nikampa chai na maandazi ya sikukuu, nikamuuliza, siku ile ya sukari Mudrick alikuja stendi na nini? Akasema, kwa gari jeupe, lile la redio lisilo na maandishi ubavuni. Na Joha? Kiti cha mbele, kapakata zabibu. Alinieleza hayo kama mtu anayetaja hali ya hewa, hakujua anachoniambia.

Kumbe ni wewe.

Ulimwahidi baba yake mtoto asipande bodaboda. Ukachukua gari la wenyewe bila ruhusa, ukamtoa mazoezini, ukampeleka kwako Kizota kwa mkeo. Hilo nakushukuru, na ningekuombea dua kila swala kwa hilo. Lakini karatasi ikaletwa mezani, ukaona ni yeye na ni wewe, ukakaa kwenye kipaza sauti ukamcheka!

Najua utaniambia ni utani, ni binamu yako. Mtoto wa shangazi hutaniwa, nani hajui? Mimi binamu zangu waliniita mwizi wa kuku siku ya harusi yangu, mbele ya shehe, wakanipekua na mkoba. Nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika. Ila pale kila mtu alijua nani ni wa nani. Wewe umemtania Joha mbele ya mkoa mzima na hukusema ni wako. Huo si utani wetu, Mudrick. Umemuuza mwenzio.

Kisha ukamwomba anyamaze. Naye kanyamaza. Mtoto wa miaka kumi na tisa anapoteza mpira wake ili wewe usipoteze kazi yako, na kila jioni unatembea naye bega kwa bega. Nimelia, sikufichi. Nimekupenda toka ukiwa unatambaa, ndiyo maana ninaumia hivi.

Baba Joha anasafiri Jumanne tarehe kumi na sita, basi la alfajiri. Hajui ninachojua. Yuko hapo uani anachonga mpini, ningeweza kumwita sasa hivi. Lakini ikitoka kwangu itakuwa mama anamtetea binti, na kinyozi atakuwa na habari nyingine. Hayo maneno yatoke pale pale kicheko kilipotokea. Kipindi chako ni Jumanne. Fanya unavyoona.

Mwamvua


Dodoma, stendi
16 Aprili 2024, saa nne asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la stendi, meza ni goti langu, usishangae mwandiko. Basi la baba Joha halijafika.

Nimesema.

Barua yako niliipata Jumapili. Sikulala vizuri siku zote mbili. Leo karatasi ya Ludovick ilikuwa tayari mezani, msikilizaji kaleta namba za gari. Namba za gari letu, Shangazi! Ludovick hakuzitambua kwa sababu yeye huendeshwa kwenye lile jingine. Mwenzangu Daudi akaanza kuzisoma hewani, akafika katikati, akanitazama. Namba hizo anazijua, ndiye aliyelipeleka kuoshwa wiki jana. Akakwama.

Nikavuta kipaza sauti. Nikasema gari hilo ni la redio hii, dereva ni mimi Mudrick, na huyo binti ni Joha, mtoto wa shangazi yangu, anakaa kwangu na mke wangu. Nikasema nilikuwa nampeleka nyumbani kwa sababu baba yake alinikabidhi. Nikasema siku ya kwanza nilicheka huku najua. Nilipofika hapo sauti yangu haikuwa ya redioni tena.

Ludovick alikuwa amesimama nyuma ya kioo, anapitisha mkono shingoni, kata, kata. Fundi mitambo hakukata. Mpaka sasa sijui kwa nini, ni mtu ambaye hata salamu hatoi. Basi nikatoa karatasi yangu mfukoni nikasoma mabao ya Joha yote, timu na dakika. Tisa unayo. La kumi, tarehe kumi na tatu Januari, dakika ya sabini na moja, mguu wa kushoto. La kumi na moja, tarehe kumi na saba Februari, dakika ya tano tu mpira umeanza, kampiga chenga beki na kipa. Ni ile tatu kwa moja niliyokuandikia nikanyamaza. Hapo ndipo wakatukata, wakaweka muziki.

Kazi sina. Ufunguo wa gari nimeuacha mezani. Salma analia, lakini kasema afadhali, alikuwa hanitazami machoni tangu Februari.

Nimepita kwa Bi Sherbanu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha. Kasema atazungumza na kocha, basi. Mechi ni kesho. Joha sijamkuta, katoka na begi lake asubuhi na hajui lolote, au anajua.

Sijui kama baba Joha amesikia. Pengine ndani ya basi waliweka taarabu. Pengine anashuka hapa aniombe nimpeleke nikamfungie binti yake mizigo, na nitampeleka, nitafanya nini? Naliona basi linaingia. Nampa Msafiri barua hii akishusha mizigo. Niombee, Shangazi. Ninaogopa.

Mudrick


Haubi
19 Aprili 2024

Mwanangu Mudrick,

Marahaba, na aleikum salaam. Mbuzi wale mapacha wameanza kula majani. Goti hili linataka dawa nyingine, ile imekwisha.

Nianze na machungu. Sijamaliza kukasirika. Utakuja Haubi na Salma na huyo mng'ata watu wenu, utakaa pale pale mkekani ulipokaa mwaka jana, utayasema yote tena tukikutazama. Na kwa kinyozi utapita. Leo nimepita mwenyewe, picha bado anayo. Nikamuuliza, na mabao ya binti yangu unayo humo kwenye simu? Akacheka, akasema hajatumiwa. Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, ile picha itazunguka mpaka lini sijui.

Msafiri kanisimulia safari yenyewe leo. Redio ya basi ilikuwa wazi, na dereva aliongeza sauti kwa sababu naye alitaka kujua nani kapata jezi. Baba Joha kiti cha tatu, kofia magotini. Uliposema ni wewe, watu walipiga kelele. Uliposema baba yake alikukabidhi, baba Joha alimwomba dereva asimame kidogo. Akashuka. Alisimama kando ya barabara kawapa mgongo, abiria wakadhani anajisaidia, lakini Msafiri anasema alikuwa amesimama tu. Kisha akapanda, wakaenda. Mengine unayajua, ulikuwepo.

Barua yako ilinifikia juzi. Nikaenda stoo nikachora mistari miwili, wa Januari na wa Februari, nikarudi kukaa. Sikujua la mechi, sikujua la safari. Betri za redio zilikuwa mfukoni mwa baba Joha, Dodoma. Jana tangu asubuhi nikatandika kitanda cha Joha, nikakitandua, nikakitandika tena. Kama anarudi, nilisema, akute mashuka safi.

Saa tisa basi likapita. Nikamwona baba yake anapanda njia peke yake. Nikatazama nyuma yake mpaka kwenye kona, hakuna mtu.

Akavua viatu. Akaomba maji, akanywa kikombe kizima, akaomba cha pili. Akasema, "Mwambie Mudrick bodaboda bado marufuku. Kama gari hana, watembee." Nikaingia ndani, Mudrick, nikakitandua kile kitanda.

Halafu akaenda stoo. Nikasikia mlango unavutwa kwa ndani. Nikangoja, hatoki. Nikamfuata, nikamkuta amesimama nyuma ya mlango, anahesabu kwa kidole, midomo inacheza.

"Kumi na moja," akasema bila kugeuka.

Nikajua nimekwisha.

"La jana hujaliandika," akasema.

Akainama, akainua debe la mbegu, akatoa mkaa wangu pale ninapouficha. Hakuutafuta. Aliuchukua kama mtu anayechukua kitu chake.

"Kwa kichwa," akaniambia, akagusa kofia yake, hapa mbele, juu ya paji. "Lile kundi lote, na yeye ndiye aliyeruka."

Mstari wenyewe kauchora umepinda, unakaribia kugusa bawaba. Sijaurekebisha.

Shangazi yako,
Mwamvua